Nililipa euro 24 kujua maana ya jina Sacleux: uzoefu wangu

Ripoti iliingia kwenye barua pepe saa 7 usiku. Kurasa 11, na ukurasa wa kwanza una simba. Simba wa dhahabu, kasimama kwa miguu miwili kwenye ngao ya buluu, na chini yake utepe umeandikwa SACLEUX kwa herufi za kizamani. Nilijua hapo hapo kwamba nimeliwa, ila pesa ilishakwenda, nikaendelea kusoma.

Nilifikaje huko? Mimi ni mfasiri wa Kifaransa na Kiswahili, na kwa kazi hii kamusi ya Padri Charles Sacleux haitoki mezani. Ni ile ya Kiswahili kwenda Kifaransa iliyochapishwa Paris mwaka 1939, ambayo hairidhiki kukupa maana ya neno. Inakuambia na lahaja yake, kama ni la Mvita, la Amu au la Unguja. Mwenyewe alifika pwani yetu mwaka 1879, akakaa karibu miaka 20. Sasa, swahiba yangu mmoja anatembeza wageni Bagamoyo, pale kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1868. Mgeni akamwuliza jina hilo lina maana gani, akakwama, akanipigia: "Wewe si ndiye Mfaransa wetu? Haya, Sacleux maana yake nini?" Nimekishika kitabu cha mtu huyu miaka 15 na sikuwahi kujiuliza. Nikaona haya, nikaingia mtandaoni kutafuta njia ya mkato.

Tovuti za kuuza "asili, maana na idadi ya watu wa jina lako" ziko nyingi na zinafanana kama mapacha, kwa hiyo niliyotumia siitaji. Bei euro 24, kama shilingi 70,000. Kadi yangu ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikakubali. Kabla ya kulipa kuna kisanduku cha kuweka tiki. Kiwekee tiki kama nilivyokiwekea mimi, bila kusoma, na utakuwa umekubali kuachia zile siku 14 ambazo mnunuzi wa mtandaoni Ulaya anapewa kubadili mawazo. Kumbuka kisanduku hiki, tutakirudia.

Nianze na simba, nimalizane naye. Ngao na nembo za Ulaya zilikuwa mali ya familia fulani, au mtu fulani, au mji fulani. Hakuna nembo ya jina. Watu wawili wenye jina moja, mmoja bwana mkubwa na mwingine mchunga kondoo, hawakugawana ngao kwa sababu tu majina yao yaliandikwa sawa. Anayekuuzia "nembo ya jina lako" bila kukuonyesha familia iliyoibeba anakuuzia picha. Simba wangu alikuwa mzuri, nakiri, ila niliwahi kuona wa aina yake kwenye chupa ya soda.

Ukurasa wa 3 ndio niliokuwa naungoja, wa maana. Ripoti ilisema Sacleux linatokana na "sac", yaani gunia, na kwamba mzee wa kwanza "huenda alitengeneza au kuuza magunia". Nikaiangalia sentensi ile kwa muda. Sawa, "sac" ni gunia. Lakini ile "l" imetoka wapi? Huwezi kukata neno pale linapokufaa na kilichobaki ukakisukumia uvunguni. Ni sawa na mtu akuambie "mpaliliaji" ni mtu wa kupaa.

Ikabidi nifanye mwenyewe kazi niliyoilipia. Padri Sacleux alizaliwa mwaka 1856 Pas-de-Calais, mkoa wa kaskazini mwa Ufaransa, unaotazamana na Uingereza. Huko wakulima hawakusema Kifaransa cha Paris, walisema Kipikardi, na majina ya watu yamebaki na sauti ya lugha hiyo hadi leo. Seremala ambaye kwingine ni Charpentier, kule ni Carpentier. Chungu kikubwa cha shaba, "chaudron" kwa Kifaransa, kule kimezaa jina la Caudron. Na mtenda kazi, ambaye kwa Kifaransa cha vitabu huishia na "-eur", kule huishia na "-eux": Faucheux ni mkata nyasi, Batteux ni mpura nafaka. Ile "x" haitamkwi. Kwa msomaji wa Kiswahili njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba "-eux" inafanya kazi ya "m-" na "-ji" yetu kwa pamoja.

Ukishajua hilo, Sacleux linafunguka lenyewe. "Sarcler" ni kupalilia, kutoka Kilatini, ambako "sarculum" ni kijembe cha mkono. Mpaliliaji ni "sarcleur". Mweke mtu huyo mdomoni mwa mkulima wa kaskazini, ameze ile "r" ya kwanza na ageuze mwisho wa neno, unapata "sacleux". Hapa kila herufi ina kazi, na ndiyo tafsiri ninayoisimamia dhidi ya magunia yao.

Na kazi yenyewe kule haikuwa mzaha. Ngano ilipaliliwa majira ya kuchipua, kabla miiba haijaishinda. Kitani kilikuwa na adha zaidi: kilipaliliwa kikiwa kifupi, mche bado laini, na wapaliliaji, wengi wao wanawake, walitambaa kwa magoti wakiuelekea upepo ili upepo uinue miche waliyoilaza. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akilima mpunga Rufiji, angeielewa ajira hiyo kuliko aliyeandika ukurasa wa 3.

Ukurasa wa 4 ukaongeza kwamba ukoo huu "ulidumu katika shughuli hiyo kwa vizazi vingi". Hapana. Jina la kazi lilimng'ang'ania mtu mmoja, zama za kati, pengine kwa utani wa majirani, kisha likawashukia watoto wapende wasipende. Mjukuu angeweza kuwa mvuvi au mwashi na bado akaitwa Mpaliliaji. Karatasi ndizo zilizoligandisha. Mwaka 1539 mfalme François wa Kwanza, kwa amri ya Villers-Cotterêts, aliwataka mapadri waweke vitabu vya ubatizo. Mwaka 1794, katikati ya Mapinduzi, ikaja sheria inayomkataza raia kutumia jina lolote ila lile lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Kati ya tarehe hizo mbili tahajia ilitegemea sikio la padri na ubora wa wino wake. Ripoti yangu haikugusa lolote kati ya hayo. Iliweka picha ya kasri.

Sasa idadi ya watu, kurasa 3 nzima, za rangi. Kulikuwa na ramani ya dunia yenye nukta, na tarakimu ya "wanaoishi leo" iliyoandikwa mpaka mtu wa mwisho, kana kwamba walipita nyumba kwa nyumba. Chanzo hakuna. Siiandiki hapa kwa sababu sitaki ikaanze kuzunguka.

Kinachojulikana kweli kinatoka INSEE, taasisi ya takwimu ya Ufaransa. Wao wana faili la majina ya waliozaliwa Ufaransa, na tovuti ya bure iitwayo Géopatronyme inalionyesha kwa ramani, kuanzia 1891 hadi 1990, kwa vipindi 4 vya miaka 25, mkoa kwa mkoa. Andika jina, bonyeza, basi. Sacleux ni jina adimu na mizizi yake iko kaskazini, Pas-de-Calais na jirani yake Nord, jambo linalokubaliana na ile "-eux". Mimi hapo ndipo nilipopata moyo: ramani na sarufi zimekutana bila kuitana.

Ila soma ramani hiyo kwa akili. Inahesabu kuzaliwa, haihesabu walio hai. Mtoto anaandikwa pale alipozaliwa, si pale wazazi wake wanapoishi, na tangu akina mama walipoacha kujifungulia nyumbani na kwenda hospitali za mjini, vijiji vimetoweka kwenye hesabu hata kama familia haijahama hata hatua. Na jina lenye watoto wachache sana, kwenye faili la kupakua, hutupwa kwenye kapu moja la "majina mengine". Kwa jina kama Martin, linaloongoza Ufaransa nzima, hayo hayaleti tofauti. Kwa jina adimu, familia moja ikihama ramani nzima inabadilika rangi.

Nilitegemea pia ripoti iseme kwa nini majina haya yanakufa, maana hilo ndilo jambo tamu kuliko yote. Haikusema. Mpaka mwisho wa 2004 mtoto wa ndoa Ufaransa alichukua jina la baba, kwa hiyo ukoo wenye mabinti watupu jina lake lilizikwa na babu. Tangu tarehe 1 Januari 2005 wazazi wanaweza kuchagua la mama, la baba au yote mawili. Kuna na sheria ya Julai 1923, iliyotungwa vita vya 1914 hadi 1918 vikiwa vimemeza vijana wasio na watoto, inayoruhusu ndugu kulibeba jina la aliyekufa kwa ajili ya nchi ili lisipotee. Na hata leo, ibara ya 61 ya Code civil, kitabu cha sheria za kiraia cha Ufaransa, inakubali mtu abadili jina lake ili kuokoa jina la mzee wake linalotaka kuzimika, mpaka daraja ya nne ya undugu. Taifa limekaa bungeni likajadili majina yasife! Hili peke yake lingenifanya nisilalamikie euro 24.

Padri wetu hakuwa na mtoto wa kumrithisha jina. Lakini alikuwa akikusanya mimea huku kwetu na kuipeleka Paris, na Baillon, mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, akaipa jina la padri jenasi nzima ya mimea, Sacleuxia, inayoota Kenya na Tanzania. Upo pia mti wa jamii ya mijafari unaoitwa Erythrina sacleuxii. Mpaliliaji kawa jina la mmea. Sikuvumilia, nikacheka peke yangu saa 9 usiku.

Huduma kwa wateja: niliandika kwa Kifaransa, kwa adabu, nikaeleza habari ya "l" na ya "-eux". Jibu lilikuja siku ya 6. Walinishukuru kwa "mchango wangu wenye thamani". Nikaomba angalau nusu ya pesa, wakanikumbusha kisanduku. Baada ya siku mbili wakaniletea ripoti iliyosahihishwa. Mahali pa gunia waliongeza sentensi "au mpaliliaji", bila kuondoa gunia. Simba alibaki palepale.

Nyota 1 kati ya 5, na hiyo moja ni ya mpangilio wa kurasa, ambao ni safi. Haifai kwa mtafiti, haifai kwa mwenye jina. Labda kwa anayetafuta zawadi ya kutundika ukutani na hatauliza maswali.

Kwa anayetaka kujua kweli, nimetumia haya na sikulipa hata senti. Géopatronyme nimeshaieleza: nyota 4, inapoteza moja kwa kuishia 1990. Geneanet, tovuti ya nasaba iliyoanza mwaka 1996, ina ramani ya jina kwa vipindi vya zamani zaidi, karne kwa karne. Nzuri sana, ila inategemea miti ya ukoo iliyopandishwa na watumiaji, kwa hiyo kijiji chenye mstaafu mmoja mwenye bidii kinaweza kuonekana kama chimbuko la dunia. Nyota 4 vilevile. Halafu hifadhi ya nyaraka ya mkoa wa Pas-de-Calais imeweka rejesta zake mtandaoni, picha za kurasa zenyewe. Ukiwa mgeni usianze na rejesta, utazama. Anza na majedwali ya miaka kumi kumi, yaliyoamriwa na sheria ya Septemba 1792: ya kuzaliwa, ndoa na vifo, kila kijiji na lake, majina kwa mpangilio wa alfabeti. Kwa aliyezaliwa 1856 unafungua la 1853 hadi 1862. Mwandiko wa makarani unachosha macho, na intaneti yangu ilikatika mara nne, lakini hiyo ni nyota 5 bila ubishi.

Swahiba wa Bagamoyo nilimtumia ujumbe wa mstari mmoja: "Sacleux ni mpaliliaji." Akajibu, "Ahsante kaka, ila mgeni mwenyewe alishaondoka juzi." Ripoti bado ninayo kwenye simu, zote mbili, kama kuna anayetaka kumwona simba.