TAHADHARI: Ukipeleka simu kwa fundi, laini usiiache

Ndugu zangu wa Mombasa, nawaomba msome hili kabla hamjapeleka simu popote.

Mwezi jana niliamka nikakuta simu imeandika "Weka SIM kadi", na laini imo ndani. Nikazima, nikawasha, wapi. Mimi nauza viazi karai Likoni na wateja wengi hunilipa kwa M-Pesa, kwa hiyo sikuweza kungoja. Nikavuka feri mbio hadi Mwembe Tayari, kwa fundi mmoja wa meza ya barabarani. Hata hakuifungua. Akachomoa laini, akairudisha, akatikisa kichwa: "Mama, IC ya mtandao, ile chipu ya ndani, imeungua. Elfu tatu mia tano." Akataka nimwachie simu na laini. Kisha akaniomba PIN ya M-Pesa, ati atume shilingi ishirini ajue kama mtandao umerudi. Nikampa.

Saa kumi nikaichukua, inafanya kazi. Jioni nataka kumlipa mtu wa viazi, salio sufuri! Ujumbe ulikuwa umefutwa, lakini taarifa ya M-Pesa haikufutika: shilingi 8,700 zilitolewa saa saba na dakika ishirini, simu ikiwa mezani kwake. Nilipomrudia alinitazama usoni akaniambia nikawaulize watu wa nyumbani kwangu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimeripoti polisi, namba ya OB ninayo.

Na tatizo lenyewe likarudi baada ya siku tisa. Fundi mwingine, huyu wa Kongowea, alifungua mfuniko mbele yangu. Kibandiko cha kiwandani juu ya skrubu kizima, hakijaguswa. Akanipa lenzi nitazame mwenyewe: vile vijimeno vya rangi ya dhahabu vinavyogusa laini vimeota ukijani. Unyevu na chumvi ya bahari, akasema, simu nyingi za huku huumwa hivyo. Akasugua kwa kibrashi na spiriti. Dakika kumi, shilingi mia mbili.

Kwa hiyo laini ikikataa, itie kwanza kwenye simu ya mwenzio, na ya mwenzio uitie kwenye yako. Yako ikikataa kote, laini ndiyo imekufa: nenda na kitambulisho duka la mtandao wako ubadilishiwe. Simu ikikataa laini zote, bonyeza *#06#. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ikitokea vizuri, usiikubali upesi hadithi ya IC, mwambie asafishe meno kwanza. Akikwambia atakuandikia IMEI nyingine, chukua simu yako uondoke, hilo ni kosa kwa sheria ya Kenya. PIN ya M-Pesa haitengenezi simu yoyote, na fundi wa kweli ana laini yake ya kujaribia.

Laini nayo ina PIN yake, iwashe kwenye mipangilio ya usalama. Mtu akiihamishia simu nyingine itamdai namba, na akikosea mara tatu inajifunga mpaka itiwe PUK, namba ya kuifungulia inayotoka kwa mtandao wako.

Kama simu yako iko mezani kwa fundi sasa hivi na laini imo ndani, nenda ukaichomoe.