Mizani ya dijitali ya kilo 300 kwa alizeti na mahindi: uzoefu wangu wa misimu miwili Kongwa

Mizani ninayoizungumzia ni ya jukwaa, ya dijitali, uwezo wake kilo 300 na inasoma kwa hatua ya gramu 100. Sahani yake ni ya chuma, sentimita 40 kwa 50, kioo kimeshikwa na mlingoti, na inatumia betri ya kuchaji ya volti 6. Bei yake ilikuwa shilingi laki mbili na nusu. Imefanya kazi misimu miwili kwenye ghala la kikundi cha wakulima hapa Kongwa, mkoani Dodoma, ikipima alizeti na mahindi. Inapima vizuri. Tatizo ni kwamba mkulima anayeleta mzigo hana njia ya kulijua hilo mpaka lioneshwe mbele yake, na wanunuzi wengi hawataki kuonesha.

"Dijitali haidanganyi." Kauli hii inatajwa kila gulio, na mimi siikubali. Debe lililobonyezwa likatoka matumbo, debe lililounganishwa ukosi wa bati juu, gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba: hayo yote mkulima anayaona kwa macho yake hata kama hana nguvu ya kuyakataa. Mizani ya dijitali ikiwa mbovu, au ikiwa imechezewa, namba bado zinawaka vilevile nyekundu na safi. Kwa hiyo wazee wanaosema debe wanalijua wana hoja, wasibezwe.

Ila debe lenyewe halisemi kweli kuhusu uzito. Mahindi makavu yaliyokatwa juu kwa ubao hupata kama kilo 15 kwa debe la lita 20. Litikise, lishindilie, liache na kilima, na debe hilohilo linafika kilo 17. Alizeti ni nyepesi zaidi. Gunia linalobeba kilo 100 za mahindi, ukilijaza alizeti, halifiki kilo 70. Ndiyo maana bei ya "gunia" kwenye alizeti ni ugomvi usioisha. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka biashara iende kwa vipimo halali, na kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Lumbesa haina mahali pa kujificha hapo. Mizani ndiyo njia, lakini ikaguliwe na yule asiyeimiliki.

Nianze na jambo ambalo hata wauzaji wa mizani wengi hawalisemi. Mizani ya dijitali haijui kilo. Chini ya sahani kuna kipande cha alumini kinachopinda kidogo sana mzigo unapokikandamiza, na umeme unasoma mpindo huo. Kinachokandamiza ni mvuto wa dunia, na mvuto haulingani kila mahali. Karibu na ikweta na juu ya vilima ni mdogo kuliko pwani za kaskazini. Dodoma ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mizani iliyowekwa sawa kiwandani mashariki mwa China, kama Shanghai, ikifika hapa bila kurekebishwa inasoma pungufu kwa takriban asilimia 0.17. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni gramu 160 na ushee. Kwa lori la tani 30 ni karibu kilo 50, nusu gunia zima, na hakuna aliyeiba kwa mkono. Angalia inaelemea upande gani: inampa mnunuzi kila siku, haimpi mkulima hata mara moja. Mizani ya mawe, ile ya kulinganisha pande mbili, haina shida hii, kwa sababu mvuto unapungua kwenye jiwe na kwenye mahindi kwa kiasi kilekile.

Gramu 160 ni kubwa kiasi gani? Kwa kanuni za OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, mizani ya daraja hili yenye hatua ya gramu 100 inaruhusiwa kukosea gramu 100 tu kwenye mzigo wa kilo 100 inapohakikiwa mara ya kwanza, na gramu 200 ikiwa tayari kazini. Maana yake mizani inaweza kutoka kwenye boksi ikiwa haifai kwa biashara ya hapa, na dawa yake ni kurekebishwa hapahapa kwa mawe halali. Kabla ya kununulia hata kilo moja, ipelekwe Wakala wa Vipimo ihakikiwe, ipewe stika, na sehemu ya kurekebishia ifungwe kwa lakiri. Uhakiki ni wa kila mwaka. Usinunue mizani iliyoandikwa pembeni kwa Kiingereza kwamba si halali kwa biashara. Zipo nyingi, bei rahisi, na zimetengenezwa kwa ajili ya jikoni na mizigo ya safari.

Stika inasema mizani ilikuwa sawa siku ile ya ukaguzi. Ikishafungwa nyuma ya pikipiki ikapita makorongo ya kutoka barabara kuu hadi kijijini, stika haijui. Hapo ndipo vipimo vya papo hapo vinahitajika, na nitavieleza kwa urefu kwa sababu ndivyo vinavyomlinda anayeuza.

Udanganyifu rahisi kuliko wote ni wa kitufe cha TARE. Kitufe hiki ni halali, kazi yake ni kutoa uzito wa chombo. Lakini mtu akiweka jiwe la kilo 5 kwenye sahani, akabonyeza, kisha akaliondoa, kioo kinaonesha alama ya kutoa na 5.0. Akikuzuia usikione kioo mpaka gunia liwe juu, gunia la kilo 100 linasoma 95.0. Kuiwasha mizani ikiwa na kitu juu yake huleta matokeo yaleyale kwenye mizani nyingi, maana huhesabu kitu hicho kuwa sifuri. Kwa hiyo, kabla ya kila gunia, sahani iwe tupu na kioo kisome 0.0 bila alama ya kutoa, na taa ya TARE iwe imezimwa. Ukifika umechelewa na mzigo umeshaanza kupimwa, fanya hivi: pima gunia la kwanza peke yake, pima la pili peke yake, kisha yapande yote mawili pamoja. Mizani iliyofichwa kilo 5 itasema 95 na 95, halafu itasema 195. Sifuri iliyochezewa hukatwa mara moja tu hata magunia yawe mawili, kwa hiyo hesabu inaumbuka yenyewe. Jaribio hili halihitaji jiwe wala fundi.

Halitoshi, lakini. Kuna mizani ambazo menyu ya kurekebishia inafunguka kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja, bila lakiri yoyote. Mtu akipandisha kilo 21 akaiambia mizani kuwa hizi ni 20, kuanzia hapo kila kilo 100 inasoma 95.2, na magunia mawili pamoja yatajumlishika vizuri kabisa. Hapa lazima uwe na uzito unaojulikana, na uwe mkubwa. Pakiti ya sukari ya kilo moja haisaidii: kosa la asilimia 5 ni gramu 50, na mizani ya hatua ya gramu 100 haiwezi kulionesha. Sisi tunatumia jiwe halali la kilo 20. Asiye nalo atumie katoni ya maji ya chupa 12 za lita moja na nusu, ambayo ni kilo 18 za maji na gramu mia kadhaa za plastiki, au mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Saruji inaweza kutofautiana hadi nusu kilo, hivyo usigombane na mtu kwa gramu 200 ukiwa na mfuko wa saruji. Ikisoma 47.6, hapo gomba.

Kuna nyingine zinachezewa kwa rimoti mfukoni. Jiwe litasoma sawa, gunia litapunjwa. Njia niliyoiona inafaa ni kulirudisha jiwe katikati ya kazi bila kutangaza, na kulipandisha juu ya gunia ambalo tayari liko kwenye mizani: namba iongezeke 20.0, isipungue.

Sasa niseme kuhusu makato, maana huko ndiko kilo nyingi zinakopotelea, na mizani haina kosa lolote. Kwanza, kilo moja ya "kiroba". Gunia la salfeti lina kama gramu 120. Kukata kilo nzima ni desturi ya enzi za magunia ya katani, ambayo kweli yalikuwa mazito. Leo ni gramu 880 zinazochukuliwa bila jina. Pili, kufuta pointi: 97.8 inaandikwa 97. Kwa wastani hiyo ni gramu 450 kwa gunia. Mkulima mwenye magunia 200 anapoteza kwa mambo haya mawili kilo 266. Kila moja ukiitaja peke yake wanakuambia acha udogo.

Wanunuzi wanajibu kwamba mzigo una vumbi, una unyevu, utapungua njiani. Ni kweli. Wapo pia wakulima wanaochanganya mchanga kwenye alizeti, na hao wanawaharibia wenzao. Lakini punguzo la unyevu lipimwe na litamkwe kama punguzo, lisiingizwe kwenye uzito. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi ya asilimia 16, kilo 100, yakikauka hadi 13.5 yanabaki kilo 97.1. Punguzo la haki hapo ni kilo 2.9. Anayekata tano kwa kuyatafuna kwa meno akadai ameyapima, aulizwe. Asiye na kipima unyevu atie konzi ya chumvi kavu kwenye chupa kavu pamoja na mahindi, atikise dakika chache; chumvi ikiganda kwenye kioo cha chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Mchanga nao una chekecheo: pima sampuli, chekecha, pima kilichoanguka, kata kiasi hicho tu.

Kuhusu mizani yenyewe kama chombo, shida tulizokutana nazo ni nne. Punje na vumbi kuingia kati ya sahani na fremu ndiyo kubwa: punje zikishikilia sahani, sehemu ya uzito inashuka kwenye fremu na kioo kinasoma pungufu. Inua sahani kila asubuhi, pangusa, na uirudie mchana siku za alizeti. Ya pili ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa Dodoma unalipiga gunia kama tanga na namba zinacheza gramu 300 huku na huku. Pimia ndani ya ghala au nyuma ya ukuta, na usiandike mpaka namba itulie. Ya tatu ni betri: ikikaribia kuisha, sifuri inaanza kutembea kabla hata ya taa ya onyo kuwaka. Ichaji kila jioni. Ya nne ni vibarua kulibwaga gunia kutoka begani. Kilo 100 zikianguka zinagonga kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, kile kipande cha alumini kinapinda moja kwa moja, na baada ya hapo mizani hairudi sifuri. Washushe wawili, taratibu. Ukiwa na shaka, weka mfuko wa saruji kwenye kila pembe ya sahani. Tofauti ya pembe na pembe ikizidi gramu 200, acha kuitumia, ipeleke ikakaguliwe. Miguu minne nayo irekebishwe mpaka kipovu cha pimamaji kikae katikati, juu ya sakafu ngumu, kamwe si juu ya mchanga.

Kuna matoleo yanayotuma uzito kwenye simu. Nimeyajaribu. Ni mazuri kwa kutunza kumbukumbu, ila programu niliyoiona inaruhusu namba kubadilishwa kabla ya kuhifadhiwa, kwa hiyo bado tunasoma kila uzito kwa sauti na kuuandika kwenye daftari lenye nakala, moja inaondoka na mkulima. Risiti za karatasi ya joto zinafutika haraka juani, zipigwe picha.

Nitanunua tena mizani ya aina hii, na nitalipa zaidi nipate yenye vioo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Yetu ina kioo kimoja. Tumeigeuza ili kimwelekee mkulima, na mwandishi wetu anaandika anachosomewa na mkulima mwenyewe.