Utepe wa msasa wa ngazi: wamfaa anayeona kwa jicho moja, ila ubandikwe ukingoni

Ngazi nyingi za Mji wa Kale ni nyembamba, zimesimama wima, na mchana zina kiza. Anayeona kwa jicho moja, au aliyekua na kengeza hata ubongo wake haukuzoea kuunganisha picha za macho mawili, hapati tabu sana akipanda. Kazi ni kushuka. Ukitazama kutoka juu, vidato vya saruji huwa kama sakafu moja ya kijivu. Utepe wa msasa unaouzwa hadiwea, yaani ule wenye gundi chini na uso wa kukwaruza juu, huondoa sehemu kubwa ya tabu hiyo.

Lakini mafundi huurudisha nyuma vidole vitatu ili usichubuke. Kwa mteja huyu hiyo ni hatari: macho yake huuchukua mstari kuwa ndio ukingo, na ile sehemu iliyobaki mbele huidhania kidato cha chini. Mguu hugonga mapema, au kisigino huning'inia. Uanzie ukingoni kabisa.

Chukua wa inchi 2. Wa inchi 1 hupotea machoni taa ikiwa hafifu. Njano hufaa kwenye saruji au sakafu nyekundu, na nyeusi kwenye vigae vyeupe. Ule wa mistari ya njano na nyeusi uacheni dukani, maana milia hukatakata ukingo badala ya kuuonyesha. Roli ya mita 5 hutosha vidato vitano vya sentimita 90, na kipande kidogo hubaki.

Kabla ya kununua, bandika selotepu kwenye kidato kisha uibandue. Ikitoka na unga wa chokaa, utepe nao hautakaa; hapo afadhali rangi ya mafuta. Pakiwa pazima, osha kwa sabuni, paache pakauke kabisa, kisha pangusa kwa spiriti. Mafuta ya taa hayafai, yanaacha utando na gundi haishiki. Kata pembe ziwe mviringo, kwani pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Bandika kuanzia katikati kwenda pembeni, ukikandamiza kwa chupa, na usipige deki hadi kesho yake.

Kasoro zipo. Msasa mkali huumiza nyayo za wanaotembea pekupeku, kwa hiyo ndani ya nyumba tafuta ule laini. Vumbi huugeuza njano kuwa kijivu, na hapo faida yote imekwisha. Sugua kwa brashi na sabuni kila unapofifia. Stima ikipotea nao haukusaidii kitu, na ule unaong'aa gizani hung'aa tu kama ulipata mwanga kabla.

Kidato cha mwisho kabisa, pale ngazi inapokutana na sakafu, wekeni rangi tofauti na vingine. Hapo ndipo mguu hutafuta kidato ambacho hakipo.