Haller Park na watoto: ingieni saa nane mchana

Kwa familia yenye watoto wa miaka mitatu hadi kumi, Haller Park, bustani ya wanyama ya Bamburi, Mombasa, naipa nne na nusu kati ya tano, mradi mwende mchana. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, viboko saa kumi jioni. Anayeingia saa tatu asubuhi atamngoja twiga saa mbili nzima, na kiboko atamwona masikio tu juu ya maji. Mtoto wa miaka minne haamini kwamba yale masikio yana mwenyewe. Na mkipangana kwa simu, andikeni "saa tano asubuhi", msiandike "11". Hakosi shangazi wa kutokea saa kumi na moja jioni, geti likifungwa.

Mimi huanza na kobe wa Aldabra, wale wakubwa sana wa visiwa vya Shelisheli. Ukimkuna shingo hujiinua kwa miguu yote minne na kunyoosha kichwa. Watoto hufurahi sana, ila vidole visiingie chini ya gamba, kwa sababu akichoka hujiachia kwa uzito wake wote. Kumpanda mgongoni, hapana. Hapa ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini upande wa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaandamana na kobe Mzee kama mamake. Wasimulieni watoto mkiwa njiani, wafike wakijua.

Mamba huwachosha watoto maana hawatikisiki. Waambieni kwamba anayeachama kimya anapunguza joto, kisha mwende zenu.

Jukwaa la twiga mfike robo saa kabla, hasa shule zikiwa kwenye ziara. Kiganja kiwe wazi, vidole vimebanwa, chakula punje mbili tatu tu. Ulimi wa twiga ni mweusi na hufika sentimita 45. Mtoto akishtuka hufunga ngumi, chakula kikabaki ndani, twiga akaendelea kulamba ngumi, na hapo kilio. Dawa yake ni mzazi kuweka mkono wake chini ya ule wa mtoto mara ya kwanza. Msisimame ubavuni mwa kichwa cha twiga, kwani hukirusha ghafla na ni kizito.

Kitu ambacho wengi hukipita bila kukiona ni msitu wenyewe. Hapa palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji tangu 1954, mawe matupu. René Haller, mtaalamu wa mazingira kutoka Uswisi, alianza kupanda miti 1971, na mvinje ukakubali. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wa kuyala na kuyageuza mbolea. Kwa hiyo mchezo wa bure: nani ataona majongoo kumi chini ya mivinje? Baada ya mvua haichukui muda. Wasiwaponde, maji yao hutia doa mikononi; mnawe kabla ya kula.

Mizigo iwe michache. Maji lita moja kwa kila mtoto, kofia, viatu vya kufunika vidole. Kigari cha magurudumu madogo hukwama kwenye kokoto, afadhali mbebe mtoto kwa leso. Chakula kiwe ndani ya begi lenye zipu: mfuko wa mkononi tumbili anaujua kuliko nyinyi. Watu wazima wachukue vitambulisho, maana bei ya Mkenya si ya mgeni. Kutoka mjini, matatu za Bamburi au Mtwapa zinapita getini.

Kwa viboko, msimame hatua kadhaa nyuma ya ua. Kiboko akinya huzungusha mkia kama pangaboi, na kanzu nyeupe haitapona.