Tamasha la matembezi Ssese: nenda, ila angalia ratiba ya Jumapili kabla hujalipa

Kwa wanaouliza kama ile wikendi ya kutembea na waongozaji kule Kalangala, kwenye visiwa vya Ssese ndani ya Ziwa Victoria, Uganda, ina thamani ya hela yake, jibu langu ni ndio, ila kwa sababu ya waongozaji, sio walioandaa. Msiwachanganye, manake waandaaji walitoka Kampala na fulana zao na bango la kupigia picha, waongozaji ni wenyeji wa kisiwa chenyewe, Bugala, na hao ndo waliobeba shughuli nzima.

Kufika sio ngumu. Feri ya MV Kalangala inatoka Nakiwogo pale Entebbe saa nane mchana, mnakata maji kama masaa matatu na kitu mnashukia bandari ya Lutoboka, na wikendi inajaa kwa hiyo usiende dakika za mwisho ukategemea bahati. Walioko Masaka wapitie Bukakata, feri ya kuvuka mpaka Luku, kisiwani, ni bure kabisa.

Njia zilikuwa tatu. Ile fupi ya ufukweni ni ya selfi tu, sina la kuongeza. Chukua ndefu, ya msituni. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mmoja mvuvi wa zamani, Kiswahili chake alikiokota mwaloni kwa kuuziana samaki na Watanzania na Wakongo, basi Luganda kikituchanganya anageuza tu anaendelea. Tukafika mahali miti imeshonana hata jua halipenyi, akasimama akasema "nyinyi mnaona msitu, hapa palikuwa na migomba ya watu." Ndo akaanza kutueleza malale, yaani ule ugonjwa wa mbung'o, mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu zaidi ya 200,000 upande huu wa Uganda, na serikali ya kikoloni chini ya Gavana Hesketh Bell ikawahamisha watu wa visiwani kwa nguvu wakapelekwa bara. Visiwa vikabaki vitupu miaka na miaka. Mi nimesoma Uganda hii hii toka primari na hiyo habari ilikuwa mistari miwili kwenye daftari, ila ukiambiwa umesimama kwenye uwanja wa nyumba ya mtu inakuwa kitu kingine.

Halafu msitu unakatika ghafla, mbele yako ni michikichi tu, mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Tulimkuta kijana anavuna, ana mti mrefu wenye mundu kwenye ncha, anaingiza katikati ya makuti, anavuta mara moja, mkungu unashuka puu! na tunda zinatawanyika. Mzee akaokota moja akalipasua kwa ukucha, mafuta ya rangi ya chungwa yakatoka hapo hapo, nami nikajaribu na kucha zangu zikabaki na rangi mpaka kazini Jumatatu. Mzee hakuficha kitu, akasema michikichi imeleta barabara na hela ya ada za watoto, na pia imekula msitu ambao baba yake alikuwa anatoa mbao za mitumbwi. Kuna dada alitaka aseme lipi bora, mzee akacheka tu, "nyabo, tutembee, mvua inakuja."

Na ilikuja. Vaeni gambuti, achaneni na raba nyeupe.

Sasa malalamiko. Kundi letu lilikuwa kubwa mno kwa mwongozaji mmoja, walioko nyuma walikuwa wanasikia "mmm" na "aaa" tu za walioko mbele, yaani umelipa sawa na mwenzako ila historia unahadithiwa usiku kwenye chakula. Chakula chenyewe kwanza, mchana walitupa roleksi, yaani chapati za kuviringishia mayai, zilizokuwa zimepoa toka alfajiri, kisiwani! ngege (sato) zinavuliwa pale pale mbele yetu! Usiku ndo wakajirekebisha, ngege wa kukaanga mkubwa na matoke, hapo sina neno. Wale nzi wa ziwani nao jioni wanapanda juu ya maji kama moshi wa tanuri, hawaumi ila wanaingia mpaka kwenye soda, zimeni taa za nje. Na maji msiyaparamie kwenye mafunjo na majani, kichocho kipo ziwa hili, waongozaji walisema vizuri lakini kwenye karatasi ya waandaaji hakukuwa na hata mstari mmoja.

Kubwa kuliko yote ni Jumapili. Waliweka matembezi ya kufunga asubuhi, na feri ya kurudi Entebbe nayo inang'oa nanga asubuhi hiyo hiyo! Kwa hiyo ukitembea feri imekuacha, ukipanda feri umepoteza matembezi uliyolipia. Sisi tuliobaki ikabidi tupakiwe kwenye taksi mpaka Luku, foleni ya feri, Bukakata, Masaka, halafu ile jam ya kuingia Kampala usiku, nauli kila mtu mfukoni mwake na hakuna aliyeomba radhi. Nilipouliza naambiwa "mama, ratiba ilikuwa wazi." Ratiba ya matembezi ndio, ya feri nani aliiweka?

Nawapa nyota tatu na nusu, na zote tatu ni za waongozaji, hiyo nusu ni ya ngege. Wakirudia nalipia Jumamosi peke yake, nalala Lutoboka, asubuhi mtanikuta kwenye foleni ya feri na chai yangu. Na ukienda ulizia mapema yule mzee mvuvi anaongoza kundi gani, ukishajua simama mbele.