Zafarani au Kolchikamu: Tunguu Lipi kwa Maua ya Majira ya Majani Kupukutika?

Maua ya mimea hii miwili hufanana kiasi cha kuchanganywa, ingawa zafarani ina stameni (vijiti vya chavua ndani ya ua) 3 na kolchikamu ina 6. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo, kwa kuwa kila sehemu ya kolchikamu ina sumu iitwayo kolchisini, inayoweza kuua. Penye watoto wadogo au mifugo, mimi nisingeipanda.

Kwa ustahimilivu, kolchikamu inashinda: huvumilia udongo mzito na kivuli chepesi, na panya huiepuka. Zafarani hudai jua kali na udongo usiotuamisha maji, kwani tunguu lake huoza upesi likilowa wakati wa kiangazi linapopumzika, na panya hulipenda mno.

Kwa matunzo, kolchikamu hutoa maua bila majani, kisha majani yake mapana hujitokeza majira ya kuchipua na kufunika mimea midogo ya jirani. Hata yakichakaa yasikatwe kabla ya kukauka yenyewe, maana ndiyo yanayolisha tunguu. Zafarani, yenye majani membamba, hukoma kuchanua ikisongamana, hivyo ing'olewe na kutenganishwa kila baada ya miaka 3 au 4.

Anayetaka kiungo cha chakula hana mbadala wa zafarani, ila ajue kwamba gramu 1 huhitaji takriban maua 150. Mwenye udongo wa mfinyanzi na nafasi ya kutosha hatahangaika sana akichagua kolchikamu.