Nissan Patrol Y60 kama msingi wa gari la Rhino Charge: uzoefu wangu

Ukitangaza Kenya hii kwamba unatafuta gari la kukata na kuunda upya ulipeleke Rhino Charge, utaambiwa Land Cruiser kabla hujamaliza sentensi. Ushauri si mbaya. Mimi nilinunua Nissan Patrol Y60, ile ndefu yenye injini ya TD42, na ninayo mpaka leo, kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyetoa pesa yake.

Nianze na mashindano yenyewe, maana ndiyo yanayochagua gari. Rhino Charge hufanyika kila mwaka karibu na Siku ya Madaraka, na michango yake huenda kwa Rhino Ark, shirika lililosimamia ujenzi wa ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare. Una saa 10 za kupitia vituo 13, na mshindi si aliyefika kwanza, ni aliyeendesha umbali mfupi kuliko wote. Kituo kinachofuata kikiwa ng'ambo ya korongo, ama unalizunguka na kuongeza kilomita, ama unashuka ndani na kutafuta pa kupandia huku wakimbiaji wako wakikutangulia kwa miguu kukagua njia. Kasi haina kazi hapo. Kinachotakiwa ni gari la kutambaa juu ya mawe, tairi zote zikiwa chini, likigonga jiwe lisipinde, na jioni likupeleke kambini.

Ndiyo maana ukitafuta gari la msingi, angalia chasisi, ekseli, na urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Basi. Viti, zulia, milango, dashibodi, vyote vitatoka kupisha keji ya mabomba ya kukulinda gari likipinduka. Nimeona watu wakiongeza laki kadhaa kwa sababu gari limepigwa rangi juzi, rangi ambayo msumeno unaisubiri.

Pajero na Prado za miaka hii nilizipita bila kusimama. Mbele kila gurudumu linajitegemea, jambo tamu sana kwenye lami, lakini ukiinua gari na kufunga matairi makubwa, shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali na hazina maisha. Nilitaka ekseli ngumu ya kipande kimoja mbele na nyuma. Hapo orodha inakuwa fupi.

Land Cruiser HZJ75 ina chasisi ambayo sina neno nayo, na spea zake utazipata hata Maralal. Shida ni springi za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, mbele na nyuma. HZJ79 iliyokuja 1999 ilipewa koili mbele, zile springi za kujizungusha, nyuma bapa zikabaki. Kwa kubeba magunia ya mahindi hakuna kama hizo. Kwenye mawe hazinyumbuki vya kutosha, kwa hiyo utaishia kuzikata na kuchomelea koili, kazi inayotaka fundi anayejua kupima pembe, si kila mwenye mashine ya kuchomelea pale Grogan, mtaa wa gereji jijini Nairobi. Y60 ya stesheni wageni, iliyotengenezwa kati ya 1987 na 1997, ilitoka kiwandani na koili kwenye magurudumu yote manne. Kwangu hilo ndilo lililomaliza mjadala. Na kwa bei ya HZJ79 iliyochoka, nilipata Patrol, winchi na matairi.

Range Rover Classic nayo ina koili kote, na zile inchi 100 kati ya ekseli zake ni kipimo kizuri mno kwa kazi hii. Ila shafti za ekseli ya nyuma zinajulikana kwa kukatika: ukishaweka difu-loki, kifaa cha kulazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, na matairi ya inchi 35, bajeti ya shafti zilizoimarishwa iandike ukurasa wa kwanza. Suzuki SJ413 ni ya kuheshimiwa. Haifiki tani moja, ikikwama watu wanaisukuma wakicheka. Lakini ina milimita 2,030 tu kati ya ekseli, na kwenye mwinuko mkali gari fupi hivyo linataka kukaa chali. Patrol ndefu ina 2,970. Tumbo lake hugusa mawe mapema zaidi, hilo ni kweli, na mkia wake ni mrefu, ila mkia unakatwa. Bodi na chasisi vya nyuma ya springi vyote viliondoka kwenye langu, tanki likahamia ndani.

Sasa ukaguzi, maana Y60 changa haipo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo zilizopo ni zile zile zilizozeeka humu nchini, nyingi zikiwa zimetumika na mashirika ya misaada au serikali. Nilikwenda na nyundo ndogo, jeki na tochi. Chasisi igonge kote, hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale mikono ya ekseli inaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti butu na unga mwekundu unadondoka. Bodi yenye kutu karibu na kioo cha mbele isikusumbue, lakini gari lililoishi Mombasa litazame mara mbili.

Kisha inua mbele, lala chini, na ufute lile tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu, pale ekseli inapokutana na usukani. Likiwa na grisi nyembamba, sawa. Likiwa linachuruzika uji mweusi wa grisi iliyochanganyika na oili ya difu, sili imekufa, na huenda beringi za humo ndani zinaogea matope. Shika tairi juu na chini, tikisa. Si sababu ya kuacha gari, ni sababu ya kushusha bei. Usukani ukitetemeka ukifika kilomita 70 kwa saa, mara nyingi ni bushi na beringi hizo hizo.

Mwisho nilimwomba muuzaji nipandishe gurudumu moja la mbele kwenye ukingo wa mtaro. La nyuma upande ule ule likaning'inia hewani. Baadhi ya Y60 zina wenzo mdogo kwa dereva wa kuiachia ile fimbo ya nyuma inayozuia gari kulala kwenye kona. Nikauvuta, nikasogeza gari kidogo, na gurudumu likashuka mpaka likagusa changarawe. Muuzaji mwenyewe hakujua kazi yake. Ukikuta wenzo umekatika, usikate tamaa, kwenye gari la mashindano fimbo yenyewe unaweza kuitoa.

Injini nitaisema kwa ufupi: lita 4.2, silinda sita, pampu ya dizeli ya kimakanika, taiming yake inazungushwa na gia, si mkanda kama 1HZ, injini ya zile Land Cruiser nilizotaja. Haina haraka, na pale mbele ni nzito kweli kweli. Kwenye maji haina kompyuta ya kuzimika.

Ubaya unaouma ni gia ya chini. Sanduku la kugawa nguvu la Y60 linapunguza mwendo mara 2.02 tu, wakati la Land Rover ni mara 3.32. Ongeza matairi ya inchi 35 badala ya yale ya takriban 31, na kwenye mteremko wa mawe gari linakukimbia, unashika breki pale ambapo mwenzako wa Land Rover ameweka miguu pembeni. Tiba ipo: gia za kupunguza kasi zaidi, zinazoagizwa Australia, ambako Patrol hii ina wafuasi wengi. Si rahisi, na fundi lazima afungue sanduku lote. Ukipiga hesabu ya gari la msingi, hiyo iweke ndani tangu mwanzo, kabla ya taa na stika.

Karatasi pia. Gari la shirika lililoingia bila ushuru, ushuru huo unadaiwa linapouzwa kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo taka uthibitisho kwamba umelipwa. Namba za chasisi na injini soma mwenyewe kwa tochi, linganisha na rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, ndipo utoe pesa.

Ningenunua tena? Ndiyo, Y60 ndefu, ya bara, yenye bodi mbovu na chasisi safi. Ila kama uko Lodwar au Marsabit na huna mtu wa kukuzungukia Kirinyaga Road, Nairobi, akutafutie spea za Patrol, chukua Land Cruiser ukate springi.